Dakika Saba za Khemais

"Faili la marehemu nakupa sasa hivi," alisema Bwana Mongi wa masjala ya hospitali kuu, macho yake hayajatoka kwenye kikombe cha kahawa. "Marehemu halalamiki. Faili la mtu aliye hai linataka idhini yake mwenyewe, yenye sahihi."

"Kwa hiyo huyu yuko hai?" Dorsaf aliuliza.

"Sijasema hivyo."

"Umesema faili lake linataka idhini."

"Nimesema faili la mtu aliye hai linataka idhini. Dada, usinilishe maneno."

Dorsaf alishusha pumzi. Hii ilikuwa mara yake ya nne wiki hiyo kusimama mbele ya dirisha hilo. Jumatatu aliambiwa alete barua ya profesa. Jumanne alileta barua, ikakosa tarehe. Jumatano tarehe ilikuwepo, lakini masjala ilikuwa imefungwa. Watumishi wote walikuwa kwenye semina ya kumhudumia mteja vizuri.

Alikuwa muuguzi kwa kusomea, si kwa ajira. Miaka minne cheti chake kilikaa kwenye droo ya mama yake, mpaka alipopata mkataba wa miezi mitatu kwenye utafiti wa chuo kikuu. Watafiti walitaka kujua kama watu ambao moyo unasimama wakiwa nyumbani au kazini hupona pale gari la wagonjwa linapowafikia mapema. Muda wa gari kufika ulitoka kwenye rekodi za kituo cha magari. Kazi ya Dorsaf ilikuwa swali moja tu: baada ya siku thelathini, mgonjwa alikuwa hai au amekufa? Majina mia mbili na kumi na nne. Amepiga simu, amelia na wajane wasiomjua, ametukanwa na watoto wa marehemu, na sasa ulibaki mstari mmoja, wa mia na arobaini na moja: Khemais, miaka hamsini na minane, mfanyakazi wa kinu cha mafuta ya zeituni, Bir Lamin. Simu iliyoandikwa ilikuwa haipatikani. Na mkataba ulikuwa unaisha leo jioni.

"Niandikie basi hiyo fomu ya idhini," alisema.

"Fomu zimeisha. Mwambie aandike kwa mkono." Bwana Mongi akanywa kahawa yake. "Kama yuko hai, lakini."

Bir Lamin ilikuwa mbali kuliko alivyodhani. Teksi ya abiria ilikwenda muda mrefu kati ya mizeituni iliyopandwa kwa mistari, ikamshusha mbele ya kinu kilichofungwa, maana msimu ulikuwa umekwisha tangu Februari. Mwenye duka la sigara alimwonyesha nyumba yenye mlango wa buluu.

Khemais alikuwa amekaa kwenye godoro kivulini mwa ukuta, anabangua lozi. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani, lakini mikono ilikuwa inakwenda. Mkewe, Bi Mbarka, alimkaribisha Dorsaf ndani ya ua na kumletea mkate, mafuta na harisa ya pilipili kabla hajamuuliza anatoka wapi.

"Natoka kwenye utafiti, mama. Tunataka kujua kama mzee yuko hai."

Khemais akajitazama kifuani. "Wewe unaonaje, mwanangu?"

"Naona mzee yuko hai."

"Basi andika. Lakini andika vizuri, maana mbavu nne zilivunjika."

Dorsaf akatoa kalamu, akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Mlibahatika. Gari liliwafikia kwa dakika saba."

Bi Mbarka aliweka birika la chai chini. "Gari gani?"

"La wagonjwa. Imeandikwa simu ilipigwa saa kumi na dakika kumi na mbili, gari likafika saa kumi na dakika kumi na tisa."

"Mwanangu, wewe umekuja kwa teksi. Umetumia muda gani toka mjini?"

Dorsaf alihesabu kichwani. "Dakika arobaini," alisema.

"Kilomita thelathini na moja," alisema Khemais. "Kwa dakika saba. Labda walikuja na ndege, na mimi sikuiona kwa sababu nilikuwa nimekufa."

Bi Mbarka hakucheka. Alisimulia polepole, kama mtu aliyekwisha kuisimulia mara nyingi kwa watu wasioandika. Mumewe alianguka karibu na mizani. Yeye alikuwa hapo hapo kinuni, anachambua majani kwenye zeituni. Ridha, karani wa mizani, alijifunza huduma ya kwanza jeshini. Alipiga magoti akaanza kukandamiza kifua, huku akimwambia mtu mwingine apige simu. Sauti ya kwenye simu ilisema gari liko njiani, subirini. Walisubiri dakika tano. Ridha akasema gari halitafika, tuondoke. Kulikuwa na pikapu ya Isuzu imejaa magunia ya zeituni. Wakampandisha Khemais juu ya magunia, lakini kila Ridha akikandamiza, mtu anazama. Wakayatupa magunia yote barabarani, wakamlaza kwenye bati. Ridha alikandamiza, akichoka Bi Mbarka anakandamiza, kilomita sita, hadi hospitali ndogo ya wilaya. Hapo daktari alikuwa na mashine ya kushtua moyo. Akamshtua mara mbili, moyo ukarudi.

"Gari la wagonjwa lilifika kinuni saa kumi na dakika hamsini," alisema. "Mlinzi aliangalia saa yake. Wakakuta zeituni barabarani na hakuna mtu. Wakaelekezwa hospitali ya wilaya, ndiyo wakamchukua huko kumpeleka mjini. Tayari anapumua."

"Dakika thelathini na nane," alisema Dorsaf.

"Subiri nikuonyeshe kitu."

Alirudi na barua ndani ya mfuko wa nailoni. Watu wa Bir Lamin walikuwa wameomba gari moja la wagonjwa liwekwe pale, hata kuukuu. Jibu la wilaya lilikuwa na aya mbili. Ya pili ilisema ombi halina msingi, kwa kuwa matokeo ya awali ya utafiti wa chuo kikuu yanaonyesha kwamba eneo lao hufikiwa kwa wastani wa dakika tisa.

Dorsaf aliisoma mara mbili. Matokeo ya awali aliyachapa yeye mwenyewe mwezi uliopita, mstari kwa mstari, na alijivunia kwamba hakukosea hata tarakimu moja. Alitaka kuwaambia, lakini Khemais alikuwa tayari ameshika kalamu anaandika idhini yake kwa herufi kubwa, taratibu, na mkewe anamwekea lozi kwenye mkoba.

Kituo cha magari kilikuwa nyuma ya hospitali kuu. Lotfi, dereva ambaye jina lake lilikuwa kwenye rekodi ile, alikuwa chini ya gari anafunga bomba la moshi kwa waya.

"Bir Lamin, Desemba," alisema Dorsaf. "Ulibonyeza kitufe cha 'nimefika' ukiwa wapi?"

Lotfi alitoka chini ya gari, akajipangusa mikono kwa muda mrefu. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Kwenye mzunguko wa barabara wa mwisho, ukitoka mjini. Wote tunabonyeza pale." Akaketi kwenye tairi. "Ukizidi dakika kumi unaitwa ujieleze. Mimi nilijieleza mara tatu, dada. Niliwaambia gari ni moja, eneo ni hili lote, tairi hizi unaziona. Wakaandika kwamba sina ari ya kazi. Mara ya nne nikabonyeza."

"Mkuu wako anajua?"

"Mkuu ndiye aliyetuonyesha."

Dorsaf alikuja na hasira aliyomwandalia mtu, na mtu mwenyewe ameketi juu ya tairi lililoisha meno.

Dokta Anouar, msaidizi wa profesa, alimkuta Dorsaf ofisini saa tisa alasiri. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyepigania Dorsaf apate mkataba, na alikuwa amemwahidi mwingine. Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama, koti mkononi.

"Kwanza hongera, yuko hai," alisema. "Huyo ni wa saba. Waliopona walikuwa sita."

"Daktari, hawakumfikia kwa dakika saba."

"Rekodi inasema saba."

"Rekodi ni ya uongo. Dereva amekiri. Wote wanafanya hivyo."

Dokta Anouar alivuta kiti, akaketi. Alionekana amechoka ghafla. "Ukilazimisha, nitamtoa. Moyo wake ulirudi kabla gari halijamchukua, kwa hiyo hahusiki na utafiti. Mstari unafutwa, tunabaki na sita."

"Na zile dakika thelathini na nane?"

"Zinafutwa pamoja naye. Tunahesabu watu waliobebwa hali moyo umesimama."

"Kwa hiyo gari likichelewa kabisa, watu wakajibebea wenyewe, hatulihesabu."

"Hakuna cha kuhesabu."

"Likiwahi, tunalihesabu."

"Dorsaf."

"Na lisipowahi, tunaandika limewahi."

Dokta aliangalia mlango. "Ripoti inakwenda wizarani Jumatatu. Profesa amekwisha kuandika hitimisho. Unataka nimwambie nini, kwamba mia mbili na kumi na nne zote ni takataka?"

"Mwambie hatujui. Tuwaulize wenyewe waliokuwepo."

"Mkataba wako unaisha saa kumi na moja," alisema, si kwa ukali. "Nilikuwa nimekuombea ule mwingine. Usinifanye nionekane mjinga." Akainama juu ya kompyuta, akauteua mstari wa mia na arobaini na moja, akaufuta. Akavaa koti lake, akamwomba aache ufunguo kwa mlinzi.

Dorsaf alibaki peke yake. Jina la Khemais lilikuwa limeondoka, na wa mia na arobaini na mbili alikuwa amepanda kukaa mahali pake. Ilikuwa saa tisa na nusu. Simu ya ofisi bado ilikuwa inafanya kazi.

Alifungua daftari lake mwenyewe, la dukani, akachora mistari kwa rula. Jina. Mahali. Gari lilifika saa ngapi. Kisha akapiga namba ya kwanza kwenye orodha. Miezi miwili iliyopita alimpigia mwanamke huyo, akamwuliza swali lake moja, akajibiwa kwa neno moja, akashukuru na kukata.

"Naitwa Dorsaf. Niliwahi kukupigia kuhusu baba yako," alisema. "Kuna jambo sikukuuliza. Siku ile, gari lilifika saa ngapi?"

Upande wa pili kulisikika sufuria linachemka.

"Unataka saa iliyoandikwa, au saa ya kweli?"

"Ya kweli."

"Ngoja nizime jiko," alisema yule mwanamke.