Mutegi na EGR ya Dadake

Lori la mchanga liliipita pikapu ya Kajuju kwenye mpando wa Nithi, tena lori lililojaa hadi juu, na dereva wake akampungia mkono kwa namna ya kumpa pole. Kajuju alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Pikapu ilikohoa, ikatoa moshi mweusi uliowafunika waliokuwa nyuma, ikaendelea kupanda kama mzee aliyebebeshwa gunia. Siku hiyo ndiyo aliyokubali kwamba ugonjwa upo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kwa maana alikubali mbele ya kakake Mutegi.

Kajuju alikuwa na kitalu cha miche karibu na uwanja wa Kinoru, mjini Meru. Aliotesha maparachichi, makadamia na maembe ya kupandikizwa, na pikapu hiyo ya dizeli ndiyo iliyofikisha miche kwa wateja. Mutegi, kakake mkubwa, alikuwa ameendesha malori ya mizigo maisha yake yote. Tangu astaafu alikuwa na mambo mawili: nafasi tele, na simu yenye bando. Hakuhitaji hata kufungua boneti. Alitazama video jioni moja, na asubuhi alikuwa mlangoni kwa dadake na jibu.

Ni EGR, alisema. Akamweleza kwamba kwenye injini hizi za siku hizi kuna bomba linalochukua moshi uliokwisha kutoka na kuurudisha ndani ukachomwe tena, na kwamba bomba hilo lina valvu ya kufungua na kufunga. Valvu ikishikwa na masizi, injini inakabwa koo.

"Hebu fikiria, dada yangu," alisema. "Wewe ule, halafu urudishiwe mdomoni kile ulichotoa. Utapanda mlima?"

Kajuju, aliyekuwa bado hajamaliza chai yake, aliweka kikombe chini. Akauliza kama valvu hiyo haiwezi kusafishwa tu. Mutegi alimwonea huruma. Kusafisha ni kucheza, alisema. Wenye akili wanaing'oa yote, wanaziba matundu kwa kipande cha chuma, na gari linakimbia kama limezaliwa jana. Kajuju alikataa. Waliolitengeneza gari hawakuwa wajinga, alisema, na kama waliweka kitu walikuwa na sababu. Angelipeleka kwa fundi likaangaliwe kwanza, kisha waone. Mutegi alinyamaza. Kajuju alimjua kakake huyo tangu utotoni, na kunyamaza kwake kulipaswa kumshtua kuliko maneno yake yote.

Jumamosi iliyofuata Kajuju alikwenda Nkubu kwenye mazishi pamoja na akina mama wa kanisa. Aliporudi, alimkuta Mutegi uani, mikono myeusi hadi viwikoni, akiwa ameegemea pikapu kama bwana harusi.

Alikuwa ameipeleka Majengo, kwa fundi aliyeitwa Nurudin. Nurudin alikuwa ameuliza mwenye gari yuko wapi, na Mutegi akamjibu kwamba yeye na dadake ni kitu kimoja. Basi EGR iling'olewa, pamoja na kile kipoozeo chake kilichokuwa kikipitishiwa maji ya rejeta, na mipira miwili ya maji iliyobaki wazi ikaunganishwa. Kajuju aliuliza vitu vilivyong'olewa viko wapi. Mutegi akasema alimpa mtu wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni.

"Umempa," Kajuju alisema.

"Ni takataka, Kajuju. Ungefanyia nini?"

Kajuju hakupaza sauti. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua viatu vyake vya mazishi, akaviweka sambamba, akavitazama kwa muda. Mutegi alidhani amekosa maneno ya kushukuru, akamwambia asijali, ndugu ni wa kusaidiana.

Jumatatu taa ya njano ilijiwasha kwenye dashibodi, ile yenye picha ya injini. Mutegi alisema ni kompyuta tu inalalamika kwa sababu imezoea kuvuta moshi, itazoea. Haikuzoea. Basi akaibandikia taa kipande cha utepe mweusi wa umeme. Kajuju akakibandua. Kesho yake akakuta kipya, tena kimekatwa vizuri kwa mkasi. Mlimani hali ilikuwa ileile, moshi uleule, na kila Kajuju alipolisema hilo, Mutegi aliinamisha kichwa upande mmoja na kudai kwamba anasikia tofauti.

Mvua za Oktoba zilikuwa karibu, na kikundi cha wanawake cha Kiambere kilikuwa kimeagiza miche ya maembe. Mwenyekiti wao, mama aliyeitwa Ciakuthii, alipiga simu mara kwa mara kusema mashimo yako tayari, samadi imeshatiwa, kilichobaki ni miche tu. Kajuju aliipakia pikapu, akaimwagilia miche vizuri, akaweka na madumu ya maji ya kuinyunyizia njiani, kwa kuwa huko chini jua halina adabu. Mutegi akapanda mbele bila kualikwa. Alisema anataka kuisikiliza injini ikiwa na mzigo.

Aliisikiliza kwa sauti kubwa. Kutoka Nithi hadi Ishiara alikuwa akimweleza dadake lini abadilishe gia, na kutoka Ishiara hadi Siakago akaeleza jinsi madereva wa siku hizi wanavyoua gari kwa breki. Kajuju alifungua dirisha ili upepo uchukue sehemu ya maneno hayo. Walipokwisha kuipita Kiritiri, na maji ya bwawa la Kiambere yakionekana mbali kwenye vumbi, harufu tamu ya ajabu iliingia ndani. Kajuju alitazama mshale wa joto. Ulikuwa umeegemea juu kabisa.

Alizima injini papo hapo, akaliacha gari lisimame lenyewe kando ya barabara. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti. Mutegi alishuka mbio na kitambaa, akitaka kufungua kifuniko cha rejeta, na Kajuju akamshika mkono, kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia kwa mtu aliyemzidi umri. Wakangoja. Hakukuwa na kivuli isipokuwa cha pikapu yenyewe, nacho kilikuwa chembamba. Juu ya mzigo majani ya maembe yalikuwa yameanza kulegea.

Injini ilipopoa kidogo, Kajuju aliinama akatazama. Pale mipira miwili ya maji ilipounganishwa, klipu ilikuwa imefunguka na kuning'inia. Ilikuwa klipu kuukuu, yenye kutu, kubwa kuliko mpira wenyewe.

"Nani aliunganisha hapa?" aliuliza.

"Nurudin alikuwa amekwenda kuswali alasiri," Mutegi alisema.

"Sijauliza Nurudin alikuwa wapi."

Mutegi alipangusa mikono yake, ingawa haikuwa na kitu. "Ni mimi. Nilitaka ulikute gari limekwisha ukirudi. Hiyo klipu niliiona pale chini, ikanitosha machoni."

Kajuju alitembea mpaka mwisho wa pikapu, akarudi. Alikuwa na mengi ya kusema, ya siku hiyo na ya miaka mingine. Alichofanya ni kushusha madumu ya maji ya miche. Walikata ukanda wa tyubu kuukuu iliyokuwa nyuma ya kiti, wakaufunga pale kwa kukaza, wakaijaza rejeta. Maji yaliyokuwa ya kunyweshea maembe yaliingia yote mle. Kajuju akawasha. Ukanda ulishika kwa kitambo, kisha ukaanza kudondosha, kisha ukaachia, na maji yakamwagika mchangani yakanywewa mara moja.

Alimpigia Ciakuthii simu akiwa amempa kakake mgongo. Alijitayarisha kutukanwa. Ciakuthii aliuliza tu mko wapi, mnaona nini karibu, na baada ya kuambiwa akasema wasiondoke, kana kwamba wangeweza.

Walikuja na punda. Wanawake wa kikundi walitokea kwenye njia ya vumbi na mikokoteni miwili ya kuchotea maji, mitungi ikiwa bado imejaa, na jambo la kwanza walilofanya, kabla ya salamu kuisha, ni kuinyunyizia miche. Ciakuthii alikuwa mama mrefu mwenye kofia ya mviringo ya kanisa. Aliizunguka pikapu, akachungulia ndani ya boneti, kisha akamtazama Mutegi na mikono yake ya grisi.

"Wewe ndiwe fundi?" alimuuliza.

Mutegi alifungua mdomo. Kajuju alimtazama, akingoja kwa hamu ya kweli kusikia atakachosema.

"Mimi ni kaka yake," alisema Mutegi.

Wakahamisha miche, na Mutegi alibeba kuliko wote. Alitembea nyuma ya mkokoteni akiushikilia mzigo usiyumbe, na walipofika shambani alipiga magoti akapanda, akikata karatasi za vifuko kwa uangalifu bila kuvunja udongo wa mizizi, kama alivyomwona dadake akifanya. Kajuju, akiwa mstari wa pili, alianza kuhisi hasira zikimpungua. Halikudumu jambo hilo. Alipoinua kichwa tena, kakake hakuwa kwenye mashimo. Alikuwa amechutama mtoni, chini ya shamba, kando ya pampu ya maji ya kikundi, wanawake watatu wamemzunguka, naye akiwaonyesha kwa kidole kitu fulani ambacho, kwa maoni yake, pampu hiyo haikukihitaji.

Kajuju aliteremka mbio akiwa na jembe mkononi. Alimwomba Ciakuthii, kwa heshima zote, asimruhusu mtu huyu kugusa chochote chenye skrubu.

Pikapu ilivutwa na trekta hadi Kiritiri, na siku ya pili ikapakiwa kwenye lori hadi Embu, kwa fundi aliyeitwa Wambura, ambaye Ciakuthii alimjua. Wambura alikuwa mwanamke asiye na haraka. Alipima, akafungua, akapima tena. Kwa bahati kichwa cha injini hakikupinda, kwa kuwa Kajuju alizima mapema. Lakini chini kabisa, pale jicho halifiki bila kulala chali, mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ulikuwa umepasuka. Hewa ilikuwa ikivuja hapo kila gari lilipobanwa na mlima. Hapo ndipo nguvu zilipokuwa zikipotelea, na moshi mweusi ulitokana na hilo. EGR ingekuwa na masizi kama ya gari lolote, lakini haikuwa imemkaba mtu koo.

Mutegi alisikiliza maelezo hayo amesimama wima, mikono nyuma.

Wambura alisema mpira ni kitu cha kubadilisha tu. Kuhusu EGR, kuna njia ya kuidanganya kompyuta ili taa izime, na wengi humwomba hivyo. Kajuju alisema yeye hataki gari la kudanganywa. Anataka gari lake lilivyokuwa, na kila kilichotolewa kirudi. Kisha akamgeukia kakake, naye Mutegi, bila kuambiwa neno, akachukua koti lake.

Alitafuta Meru nzima. Mtu wa mkokoteni alikuwa amekwishauza kwa mwingine, na mwingine huyo kwa yadi ya vyuma huko Makutano, ambako Mutegi alipekua chini ya fremu za vitanda na mabati ya kuku mpaka mwenye yadi akamwonea huruma akaingia naye kupekua. Valvu na kipoozeo vilikuwa chini kabisa, vimeshikana. Alivipeleka nyumbani, akakaa navyo uani na petroli na mswaki, akavisugua mpaka vikang'aa ndani na nje, hata pale pasipoonekana. Kisha akavifunga kwenye kitambaa safi na kuvileta Embu mwenyewe. Wambura alivigeuza mkononi, akasema vimesafishwa vizuri. Kajuju, aliyekuwa kando, alimtazama kakake. Akamnunulia soda.

Pikapu ilirudi Meru ikipanda kila mlima bila malalamiko, na njia nzima Mutegi hakusema habari za gia hata mara moja. Kajuju alidhani amepona.

Wiki chache baadaye mkulima aliyeitwa Kobia alikuja kitaluni kuchukua miche ya parachichi. Alitaja, kwa kupitia tu, kwamba gari lake limekuwa zito, na kwamba vijana wa gereji wamemshauri ang'oe EGR. Kajuju alikuwa ameinama akihesabu vifuko. Alisikia kikombe kikiwekwa chini nyuma yake.

"Usithubutu," sauti ya Mutegi ilisema. "Wanaong'oa EGR ni watu wasiojua injini. Waliotengeneza gari unafikiri ni wajinga? Kaa hapa nikueleze. Kwanza kabisa utalala chali, utafute mpira wa turbo."

Kobia aliketi. Kajuju akapoteza hesabu, akaanza upya kutoka mwanzo.