Radhi Iliyotolewa Runingani

Mwanamke yule wa kwenye runinga alikuwa mnene, na buibui lake lilikuwa jipya. Hilo tu lingetosha kumwambia mtu kwamba huyo si Bi Alawiya. Lakini nani aliangalia buibui? Lamu nzima ilijua mchezo ule unamsema nani: mheshimiwa mwenye ulimi mkali, aliyeanza kwa kutetea mashamba ya watu jukwaani, akaishia msituni na wenye bunduki. Walimbadilisha jina tu, wakamwita Harun. Wa kweli ni Sadiq, na mama yake, Bi Alawiya, alikuwa ameketi kwa jirani yake Umulkheir, akitazama.

Kwenye runinga Harun akapiga hodi. Mama akafungua mlango nusu. "Mikono yako ina damu za watu," akasema. "Sina radhi nawe, duniani wala akhera." Akaufunga.

Umulkheir akamshika Bi Alawiya mkono. "Ulisema la haki, dada."

"Sikusema mimi."

"Najua, najua," akajibu Umulkheir, naye hajui lolote.

Hakusema, wallahi. Mwezi wa Shaabani Sadiq alimpigia kwa nambari ngeni. "Mama, nimechoka. Nataka kurudi nijisalimishe. U radhi nami?" Tangu utotoni alimlea hivyo: akikosa, aombe radhi, mama anyamaze, aombe tena, ndipo apewe. Basi akanyamaza, apate kusikia kama mwanawe anajuta kweli. Simu ikakatika. Na mtandao wa visiwa hivi ukiamua kuzimika, kaa usubiri. Akasubiri. Sadiq hakupiga tena.

Sasa jibu lake limetolewa na mwigizaji wa kulipwa, na nchi nzima imelisikia. Sokoni wanawake walimbusu mkono. Mwalimu wa madrasa alimtolea mfano. Kila alipokana, walimwona mnyenyekevu. Na huyo aliyeuandika mchezo, hata kuja kumuuliza hakuja. Bi Alawiya aliona uchungu, akakosa pa kuupeleka.

Ijumaa moja, akiosha mchele, simu ikalia. Nambari ngeni. Hakungoja salamu.

"Niko radhi nawe, mwanangu. Duniani na akhera, niko radhi. Njoo."

Sauti ya mwanamume asiyemjua ikajibu, "Mimi siye, mama. Mimi niko kisiwani Kiwayu. Sadiq alishukia kwangu, alikuwa ndiani akiya Amu, arudi kwako ajisalimishe. Jana jioni tukafungua runinga, akauona ule mchezo ukirudiwa."

"Yule si mimi."

"Mimi sikujua, mama. Naye hakuumaliza. Aliinuka pale mlango ulipofungwa. Akaniambia nikupigie, nikwambie amesikia, na hatakusumbua tena."

"Mfuate. Mwambie ni uongo."

"Amesharudi kwa wenzake. Huko mimi siwezi kwenda."

Akakata. Bi Alawiya akaipiga ile nambari, ikawa imezimwa. Mikono ingali na maji ya mchele, akabaki na radhi yake yote, na aliyeiomba hayuko apewe.