Tumbo Mbele ya Kipaza Sauti

Mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo redioni. Watu hupunguza kelele za sahani wanisikilize, na sokoni wananitambua nikiuliza tu bei ya nyanya. Sauti yangu inaingia nyumba nyingi. Mimi mwenyewe, tangu niumie, nina chumba kimoja, jiko la gesi na mfuko uliobandikwa kushoto mwa kitovu.

Niliumia kwenye pikipiki ya maji. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa mbwembwe. Alikodi chombo hicho ufukweni siku ya mapumziko, akanipakia nyuma na kikaptula changu chepesi. Alipokaza mafuta ghafla, chombo kikaruka mbele, mimi nikaporomoka kinyumenyume, makalio yakatua mbele ya tundu linalofyatua maji. Ufukwe mzima ulicheka. Hata mimi nilianza kucheka, mpaka nilipoona maji yamekuwa mekundu.

Daktari wa upasuaji, mwanamke asiye na kona kona, alinieleza nilipozinduka.

"Maji yale yana nguvu kama bomba la zimamoto. Yameingia kwa nyuma, yamepasua mwisho wa utumbo mpana. Tumekufungua tumbo, tumekusafisha, tumeshona. Utumbo tumeutoa hapa juu kwa muda, haja itoke kwenye mfuko, huko chini papone. Ungevaa suruali nene ya mpira, leo tusingejuana."

"Mbona hawakuniambia? Walinipa jaketi la kuelea tu."

"Hilo ni la kukuzuia usizame," alisema. "Na hukuzama."

Dada aliamua kwa niaba yangu kwamba ninaumwa vidonda vya tumbo. "Mdogo wangu, mambo mengine ni ya ndani," aliniambia huku akitazama mlango. Mambo ya ndani! Ya kwangu yalikuwa nje, kwenye mfuko. Lakini nilinyamaza, na uongo wake ukawa wangu. Shemeji naye hajakanyaga kwangu. Hutuma salamu, kana kwamba salamu zinafua shuka.

Mdomo ule wa utumbo hauna ufunguo wala hisia. Hewa hujitokea inapotaka, nami sijui mpaka nisikie, kwenye foleni ya benki au kwenye lifti iliyojaa. Niliacha harusi, nikaacha kukaa karibu na watu, na simu nazo zikaacha kuja. Jioni nilikuwa nazungumza na sufuria. Kazini nilirudi kwa kujikaza tu, maana mkuu wa vipindi alishanitupia neno: "Afya kwanza, mama. Sauti zipo nyingi."

Kumbe studio tumbo lilikuwa na adabu. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Fundi mitambo wetu tulimwita Sikio, na jina hakupewa bure. Matangazo ya vifo tunayarekodi kwanza, kwa sababu wafiwa hawasamehe kelele juu ya jina la mtu wao. Sikio alikaa nyuma ya kioo na hedifoni zake, kiti kikilia, karatasi ikigusa meza, nikimeza mate, sauti yake inaingia: "Rudia, kuna kitu." Tangu nirudi alinisimamisha kwa ajili ya kiti, kwa ajili ya karatasi, kwa ajili ya mate. Kwa ajili ya tumbo, hata mara moja. Mimi nikisoma, sauti yangu hunijaa kichwani, sisikii kingine. Basi nikasadiki kwamba tumbo linawaheshimu marehemu. Nililishukuru kwelikweli, nikilipapasa juu ya gauni. Chumba kile kidogo kikawa mahali pekee nilipojiona mzima, na nilihesabu kwamba nitajificha humo mpaka utumbo urudishwe.

Asubuhi moja nilipigwa eksirei ya mwisho kabla ya kurudishiwa utumbo. Daktari aliinua picha kwenye mwanga. "Dawa tuliyokuingizia bado inavuja pale tuliposhona. Hatuwezi kukufunga sasa. Tusubiri miezi mingine." Nilisema sawa. Nikatoka, nikashika simu, sikuona wa kumpigia. Nikaenda kazini.

Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa rika langu. Sikio amehamishiwa kituo kingine, akaniambia. Nikaanza kusoma.

"Rudia, kuna kitu."

Nilibadilisha kiti.

"Rudia, dada. Kuna kitu kinanguruma karibu na kipaza sauti."

Niliweka karatasi mezani. Sikio aliyesikia mate yangu yakishuka kooni, angekosaje kusikia tumbo? Alilisikia tangu siku ya kwanza. Aliniacha nisome, kisha akabaki kukata mngurumo mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana kila siku nilimwacha pale ameinama, nikidhani hana nyumbani pa kwenda. Nilimkasirikia, kwa nini alijua akanyamaza. Halafu nikahuzunika, kwa kuwa muda wote ule nilikuwa na mwenzangu, na nimekuja kumjua ameshaondoka.

"Tuendelee au tuahirishe?" fundi akauliza.

Vidonda vya tumbo vilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamfikiria mkuu wa vipindi na sauti zake nyingi. Nikavisogeza vidonda kando.

"Kelele hiyo ni yangu," nilisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ile ile ya redioni. "Niliumia. Utumbo wangu umetolewa nje, nina mfuko. Siwezi kuunyamazisha, na itatokea tena. Aliyekuwa hapo alikuwa anaikata."

Alivua hedifoni, akanitazama kupitia kioo, akazivaa tena.

"Haya. Soma," alisema. "Nitakata."

Nikaanza upya. Marehemu alikuwa ameacha mke, watoto, dada, kaka na wajukuu wengi, nami nikawataja wote kwa majina. Katikati ya wajukuu tumbo lilinguruma, safari hii nikalisikia mwenyewe. Sikusimama.