Suruali Iliyoniambia Nije Kesho

Usiku wa kuamkia leo niliota suruali imekaa kwenye kiti changu cha dukani, imekunja nne, inanisubiri.

Nilikuwa naijua. Niliikata mwenyewe, ya bluu, ina mifuko ya hewa ndani ya magoti na pampu ndogo kiunoni. Pampu ikipuliza, goti linanyooka na mtoto anapiga hatua, ndivyo walivyonieleza watu wa kliniki ya viungo. Mtoto mwenyewe ni Chausiku, binti wa jirani yangu, ana miaka saba na hajawahi kutembea. Leo saa tatu asubuhi anatakiwa aivae mbele ya daktari, na bado goti moja. Wiki tatu mama yake anakuja, nami namjibu kama fundi yeyote anavyomjibu mteja: njoo kesho.

"Karibu," suruali inaniambia. "Una shida gani?"

"Nimekuja kukushona goti."

"Nina kazi nyingi. Njoo kesho."

Sikubishana nayo. Natoka nje, na nje ni Kesho. Ni uwanja mpana wa jua kali, na wateja wangu wote wamo, wamepanga foleni. Mzee Shekue anangoja kanzu ya Idi, amejifunga taulo. Bibi harusi wa mwaka juzi ana watoto wawili na bado anaulizia shela. Walinisalimia kwa adabu, jambo lililoniudhi kuliko matusi.

Mwisho wa foleni, kwenye kiti cha magurudumu, yupo Chausiku.

"Shikamoo, fundi. Imekwisha?"

"Marahaba, mama. Bado kidogo."

"Hicho kidogo kina ukubwa gani?"

Suruali imeshatutangulia, imejilaza kwenye cherehani katikati ya uwanja. Nachukua sindano. Goti la kulia limetulia. La kushoto linajikunja.

Pampu inasafisha koo. "Ulipokuwa unaahirisha, lilikuwa linasikiliza. Sasa na lenyewe linaahirisha."

"Nifanyeje?"

"Liombe radhi. Mbele za watu."

Mimi mtu mzima, nina wajukuu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nikapiga magoti mbele ya goti, nikasema nimekosa. Nikasema niliogopa. Kanzu ikimbana mwenyewe, atanisema wiki moja yaishe, ila huyu mtoto akivaa kazi yangu asitembee, nitamtazamaje? Ndiyo maana kila siku nilianza na nguo za wengine.

Goti likafikiri. "Ungesema mapema," likasema, likanyooka.

Chausiku anavaa. Pampu inapuliza. Hatua moja, ya pili. "Samahani, babu, napita," anamwambia Mzee Shekue, na anampita. Anauzunguka uwanja mara tatu, mimi namfuata nyuma nimeinua mikono nisijue nimshike au nimwache.

Simu ikaniamsha. Alikuwa mama yake.

"Fundi, samahani, najua ni alfajiri. Huyu mtoto kaamka analalamika miguu imechoka. Imechoka, fundi. Tangu nimzae sijamsikia akisema hivyo. Namuuliza kulikoni, anacheka tu. Anasema apumzike kidogo, halafu umletee tena ile suruali."

Ndiyo maana mnaniona niko kwenye cherehani na uso sijanawa.