Mfuko wa Shirleen kwenye Hekalu la Dhahabu

Mirriam alikuwa na sufuria mbili motoni, wali wa walinzi thelathini wa hosteli ya Al-Murabba, pale Riyadh, simu ilipoanza kulialia mfukoni mwake kama kifaranga aliyepotezana na mamaye. Ni Ashley, kitinda mimba wake, kutoka Mumias.

"Mama! Nimemwona Shirleen kwa bango la ajenti wa kazi za ng'ambo! Huyu dada ameomoka! Hebu angalia."

Picha ikafuata. Shirleen, kifungua mimba, yuleyule anayefanya kazi za nyumbani Al-Rawdah, mjini Jeddah, amesimama na abaya yake mbele ya jengo la dhahabu tupu lililochongoka kuelekea mbinguni. Meno yote nje, mkononi mfuko umevimba. Chini yake ajenti ameandika kwa herufi kubwa: SAUDIA, MAISHA NI HAYA.

"Ona vile amenunua vitu, Mama! Mfuko karibu upasuke. Niko kwa laini, naweka sahihi ya kwenda huko kabla ya saa saba."

"Saudia gani hiyo?" Mirriam aliiuliza sufuria. Miaka minne yuko Riyadh, hajaona jengo kama lile. Saa sita ilikuwa imeshapita. Akampigia mkubwa.

"Shirleen, hapo umesimama wapi?"

"Nchi ya Burma, Mama. Bosi alienda kwa biashara yake ya mchele, akatubeba nyumba nzima. Si nilikuambia?"

"Uliniambia unasafiri na madam. Hukuniambia umehamia peponi."

Shirleen akacheka. "Ni hekalu la Wabudha. Ungeliona, Mama! Dhahabu toka chini hadi juu, kengele ndogondogo zinalia na upepo, watawa wamenyoa vichwa. Lakini lazima uvue viatu kwenye ngazi, hata soksi. Na yale mawe ya sakafu yalikuwa na moto, ungechoma mahindi."

"Na mfuko ni wa nini?"

Shirleen akarudia habari za kengele.

"Shirleen. Nimeuliza mfuko."

"Viatu."

"Ulinunua viatu?"

"Viatu vyao, Mama. Kuna watu wa kuachiwa viatu pale chini, madam akakataa, ati vitaibwa. Bosi, madam, nyanya, watoto wanne. Jozi saba, na ndara zangu ndiyo ya nane. Nimezunguka navyo saa tatu nzima, nikiwapiga picha kwa simu ya madam. 'Yalla, Shirleen, haraka, ile ncha ya juu ionekane! Rudia!' Nimepiga mia mbili na kitu. Hii yangu, madam alinisimamisha tu aone mwanga ukoje kabla yeye hajasimama. Bintiye akanitumia."

"Na mbona inaishia magotini? Miguu umeipeleka wapi?"

"Niliikata, nikaiweka mtandaoni." Sauti ikashuka. "Mia mbili zao, Mama, moja yangu. Nilitaka angalau niwe nimependeza."

Mirriam akaweka mwiko chini. Amlilie au amchape? Na angemchapaje kutoka Riyadh?

"Sasa kupendeza kwako kuko bangoni, na mdogo wako yuko kwenye foleni. Mpelekee picha nzima."

"Mumias yote itanicheka."

"Wacheke! Kicheko hakijawahi kushika pasipoti ya mtu. Yako iko kwa nani?"

"Kwa kafili, huyo bosi aliyenidhamini."

"Halas, basi. Tuma, na utume sasa hivi."

Mwenye binti na asikie. Picha ya mtoto ikikufikia, usikimbilie kutazama dhahabu. Uliza kwanza imekatwa wapi.

Saa saba kasorobo simu ikalia tena. Ashley hakuwa na ile sauti ya mwanzo.

"Mama, hizi viatu zote! Mfuko umetoboka chini, kiatu cha mtoto kinachungulia. Na mbona amekanyaga mguu mmoja juu ya mwingine, kama kuku kwa mvua?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Ameniambia." Akavuta kamasi. "Nimeacha fomu mezani. Ajenti ananiita mjinga, ati nimetemea baraka mate."

Mirriam akakaa juu ya gunia la mchele.

"Asante, mwanangu. Toka hapo uende nyumbani."

"Ngoja nikuambie. Niliwaonyesha wasichana wa kwa laini. Wawili tumetoka nao."

"Na wengine?"

"Wamebaki. Mmoja aliikuza picha, akaikazia macho weee. Nikajua huyu sasa ameelewa. Akaniuliza, hicho kiatu chekundu cha mtoto, huko kinauzwa pesa ngapi?"

Mirriam akashika kichwa kwa mikono miwili. Nyuma yake wali ulikuwa umeshika ukoko hadi katikati, na walinzi thelathini walikuwa wameanza kugonga sahani.