Moto wa Chumba cha Wageni

Mama mkwe wangu alikuwa akipasha joto chumba kisicho na mtu. Sisi watatu, yeye, mimi na binti yangu Aizirek, tulibanana jikoni. Ng'ambo ya ukumbi, chumba cha wageni kilikuwa na jiko lake linalonguruma, mazulia yake ya sufu na mafarushi, yale magodoro membamba ya kukalia, yaliyorundikwa hadi karibu na dari, na humo ndani hakuna hata paka. Nusu ya makaa yetu ya mawe iliishia humo. Mume wangu alikuwa juu kwenye zizi la majira ya baridi na kondoo wake, kwa hiyo hasira zangu nilizimeza mwenyewe.

Kisa ni shemeji yangu. Huku kwetu milimani Naryn mke hatamki majina ya ndugu wa mumewe, basi mimi namwita Mdogo. Mdogo alikwenda Urusi kufanya kazi ya ujenzi, na tangu baridi ya mwaka jana simu yake haipatikani. Mama yake anasema atarudi, na akirudi asikute chumba baridi.

"Mama, makaa yanaisha," nilimwambia asubuhi moja.

"Najua. Yule mnunuzi wa ng'ombe nimeshamwita. Anakuja Jumamosi."

Nilishtuka. Ng'ombe tunaye mmoja tu. "Na Aizirek atakunywa nini?"

"Chai kavu. Baba yake si alikua kwa chai kavu?"

"Ndiyo maana ana miguu kama mbuzi."

Alicheka, akajifanya anakohoa. Nikaona hapo hapo nitie neno. "Tulizime lile jiko, Mama. Mdogo akija tutaliwasha."

Kicheko kikamkauka. "Nijibu wewe, mke wa mwanangu. Chumba cha wageni huzimwa moto lini?"

Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Huzimwa anapolazwa maiti humo kabla ya kuzikwa.

"Basi usiniambie nimzike mwanangu."

Nilichukua ndoo nikaenda kukamua. Niliona aibu, lakini hasira nayo haikuondoka. Ng'ombe alinigeuzia shingo kama anayeulizia habari zake, nami nikamlazia paji langu ubavuni, penye joto, nikawaza. Moto wa Mdogo haungezimika kwa maneno yangu wala ya mtu mwingine yeyote. Sawa. Lakini nyumba ilikuwa na mioto miwili.

Niliporudi nilianza kubeba magodoro.

"Unafanya nini?" akauliza mama mkwe.

"Nazima moto."

"We mwana, si nimekwambia..."

"Wetu, Mama. Huu wa jikoni. Ule wake haugusi mtu. Sisi ndio tunahamia kule."

Alishika kiuno. "Makubwa! Wenyeji walale chumba cha wageni? Majirani watasema tumerukwa na akili."

"Majirani wenyewe wanalala na makoti. Waseme."

Alibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: pale ukutani, mkabala na mlango, penye heshima, pasikaliwe na mtu mpaka Mdogo aje. Akapatandika farushi jekundu, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja. Mimi nilitundika zulia kuukuu dirishani, nikaziba ufa wa mlango kwa matambara, na birika likahamia kwenye jiko lile lile. Rundo la makaa sasa likawa linashuka polepole zaidi. Lakini mnunuzi hakuambiwa asije. "Baridi bado ndefu," alisema mama mkwe, "na mtu akishaitwa ameitwa."

Jumamosi mnunuzi akafika, jitu lenye ndevu zilizoganda barafu. Alivua kofia akasimama mlangoni akingoja kuonyeshwa pa kukaa. Kwa haki ya ugeni, pa kukaa kwake palikuwa pale pale pekundu. Nikageuka kutazama: Aizirek alikuwa amejiviringisha juu ya farushi la Mdogo, amelala fofofo, mdomo una alama ya maziwa.

Nikaruka kumwondoa. Mama mkwe akanishika mkono.

Alimtazama mtoto. Alitazama muda mrefu, na sijawahi kumwona na uso ule kabla wala baada.

"Karibu, ndugu," akamwambia mnunuzi. "Utatusamehe, leo kaa hapa kando, karibu na jiko. Pale pana mgeni."

Mnunuzi akacheka. "Mgeni mdogo hivyo! Atakaa sana?"

"Ndiye aliyekuja," alisema mama mkwe. "Na anakunywa maziwa. Ng'ombe hauzwi. Kunywa chai, upate joto, kisha uende kwa amani."

Nilimmiminia mnunuzi chai huku machozi yakinidondoka kwenye sinia, wala sikuyaficha. Mama mkwe akafungua mlango wa jiko, akatia bonge moja tu la makaa, akafunga.