Wati za Kuvuka Kilima

Mtangazaji wa asubuhi alikuwa na mdomo usio na breki, na kilima cha kumlinda. Redio yao ya jamii ilirusha matangazo kwa wati mia tu, na fundi mitambo alishamwambia kwamba mawimbi yakifika kilimani yanaishia hapo. Ng'ambo ya kilima aliishi wifi ya mtangazaji, dada wa marehemu mumewe. Basi kila Jumamosi, baada ya salamu na matangazo ya vifo, alisimulia habari za huyo wifi: anavyowapimia wageni sukari kwa ncha ya kijiko, anavyosinzia kwenye vikao vya ukoo kisha akiamka anapinga kila kitu. Alimbandika jina la Wifi Kijiko. Mji mzima ulimpenda, na wengi walidhani ni wa kubuni.

Ndipo mamlaka ya mawasiliano ikaleta kanuni mpya zijadiliwe: redio ndogo ziruhusiwe kupandisha nguvu hadi wati mia mbili na hamsini. Meneja alifurahi kama aliyepata mjukuu. Mtangazaji alikosa raha. Tangu msiba wa mumewe hakuwa amekanyaga kwa wifi. Kwanza ulikuwa uchungu, baadaye aibu ya kuchelewa, na aibu ikiachwa huota mizizi. Wifi akiyasikia yale, udugu ndio basi tena.

Siku ya kupokea maoni, ukumbi wa shule ulifurika. Ofisa wa mamlaka aliuliza nani ana pingamizi. Mtangazaji akasimama, meneja wake akimtolea macho, akashika kipaza sauti na kusema kwamba kidogo chatosha, na kwamba redio ikikua huwasahau watu wake. Ulikuwa uongo mtupu, ila sauti anayo, na baadhi ya watu walianza kuitikia kwa vichwa.

"Mimi nataka wati ziongezwe," alisema mtu kutoka nyuma.

Alikuwa wifi yake, mkongojo mkono mmoja, redio ndogo mkono wa pili.

"Unakaa wapi, mama?" ofisa aliuliza.

"Ng'ambo ya kilima. Kwangu haishiki, kwa hiyo kila Jumamosi napanda mpaka juu. Magoti yamekwisha. Nasengenywa nimesimama juani, jamani! Na mimi nataka nisengenywe nimekaa kwangu, nakunywa chai."

Ukumbi ulicheka, ingawa wengi hawakujua wanacheka nini. Mtangazaji alishusha kipaza sauti.

"Wifi, umesikia yote?"

"Yote. Na mengi ni kweli. Lakini tangu kaka afe, nani mwingine ananitaja?"

Ofisa, mtu wa taratibu, aliuliza kama pingamizi bado lipo.

"Nimelifuta."

"Vizuri. Ila msitarajie haraka. Kanuni kupita ni mwaka, pengine zaidi."

"Usipande tena huko juu, wifi," alisema mtangazaji, na sauti yake ya redio haikuwepo kabisa. "Jumamosi kipindi kikiisha, nakuja mwenyewe."